Pakiti Zilizorudi Nyumbani

Kila asubuhi, kabla baa haijafunguliwa, Mama Pacha alikuwa ameshainama na fagio. Kufagia baa si kazi ya kujisifia, lakini ni kazi. Alifagia vizibo vya chupa, maganda ya karanga na vipisi vya sigara. Aliinua viti juu ya meza. Alipiga deki kwa maji ya sabuni mpaka harufu ya jana ikakubali kutoka. Lakini kila alipoona pakiti tupu ya sigara, hakuifagia. Aliiokota, akaipuliza vumbi, akaiweka kwenye mfuko aliouficha nyuma ya ndoo.

Aliitwa Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zake wawili wa miaka tisa. Walizaliwa siku moja, na tangu siku hiyo hawajaacha kugombana. Baba yao aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, wao wakiwa bado wananyonya.

"Kazi yenyewe bado anaitafuta," Mama Pacha alipenda kusema. Watu walicheka. Naye alicheka nao, ingawa hapakuwa na kichekesho chochote.

Aliishi na baba yake mzazi katika vyumba viwili. Mzee huyo alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Cherehani yake ilikaa barazani, penye mwanga. Alishona sare za shule, alipunguza suruali, alibadilisha zipu. Kila nguo aliyoimaliza aliikagua, kisha akaitia alama ndogo ya penseli upande wa ndani. Ilikuwa vistari vitatu vilivyokutana chini, kama unyayo wa kuku. Maana yake ilikuwa moja tu: kazi hii imekwisha na haina kasoro. Alimfundisha binti yake alama hiyo tangu akiwa mdogo.

"Kazi isiyo na alama haina mwenyewe," alikuwa akimwambia.

Na Fundi alivuta sigara. Miaka arobaini alivuta. Mguu kwenye kanyagio, mikono kwenye kitambaa, sigara pembeni ya mdomo. Alikohoa, lakini kikohozi chake kilizoeleka nyumbani kama mlio wa cherehani. Hakuna aliyekisikia tena.

Sasa, zile pakiti tupu. Kila Alhamisi saa kumi alikuja mtu mwenye baiskeli. Alikuwa mwembamba, mwenye kichwa kikubwa, basi watu wakamwita Njiti. Huyo ndiye aliyezinunua.

"Nataka zile ambazo stempu zake hazijachanika," Njiti alimwambia siku ya kwanza. "Iliyochanika mpe mtoto achezee."

Stempu ni kile kikaratasi cha rangi, chenye namba, kinachobandikwa juu ya mfuniko wa pakiti. Ukifungua pakiti kwa pupa, kinachanika. Lakini pale baa, wahudumu waliuza sigara mojamoja. Wao ndio waliozifungua pakiti. Mama Pacha aliwaomba watumie wembe, wakate gundi upande mmoja tu. Wahudumu hawakuona ubaya. Mwenzao ana watoto wawili, acha ajipatie chochote.

Nyumbani alibandika birika jikoni. Alishika pakiti juu ya mvuke mpaka gundi ikalainika. Aliibandua stempu kwa pini ya nywele, polepole. Aliitandaza juu ya kitambaa, akaipitishia pasi ya baba yake ikiwa vuguvugu. Ilinyooka, ikawa mpya. Kisha aliipangusa pakiti, akaikagua, na ndani ya mfuniko akatia alama ya unyayo wa kuku. Hakuna aliyemwagiza. Mkono ulishazoea. Kila kilichomalizika katika nyumba ile kilitiwa alama.

"Mwanangu," Fundi aliuliza siku moja, "hilo birika linachemka tangu saa nane. Ni chai gani hiyo isiyofika mezani?"

"Natengeneza pakiti, Baba. Zinakwenda kiwanda cha karatasi."

"Ahaa," alisema mzee, akarudi kwenye cherehani yake. Alimwamini binti yake. Kwa nini asimwamini?

Mama Pacha mwenyewe hakuamini sana. Siku moja alimuuliza Njiti, "Hebu niambie. Kiwanda cha karatasi kinataka stempu nzima ya nini?"

Njiti aliangua kicheko. "Mama Pacha! Wewe unauza mayai, sasa unataka kujua jogoo anaitwa nani?"

Mama Pacha akacheka na yeye. Lakini moyoni alijua kuwa hajajibiwa. Alijua, halafu akajifanya hajui. Msomaji wangu, hilo ndilo kosa lake kubwa, kuliko hata lile birika. Hakuuliza tena.

Wakati huohuo bei ya sigara ilikuwa imepanda, kwa sababu serikali ilikuwa imeongeza kodi. Fundi akapunguza. Alivuta nusu asubuhi, nusu jioni, na hasira ikajaa katikati. Kisha, ghafla, duka la kona likaanza kuuza sigara ileile anayoipenda kwa bei ya zamani. Mama Pacha alifurahi sana. Kila Ijumaa, siku moja baada ya Njiti kumlipa, alipita dukani akamnunulia mzee wake pakiti moja.

"Baba, zawadi yako."

"Mungu akuzidishie, mwanangu," Fundi alijibu. Naye aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

Mwezi wa kwanza ulipita. Mwezi wa pili, Fundi alianza kulalamika.

"Sigara hizi siku hizi zina ladha ya gunia lililoungua."

"Ni zilezile, Baba. Ulimi tu unazeeka."

"Ulimi wangu hauzeeki peke yake. Mbona chumvi naisikia?"

Kikohozi kikabadilika. Hiki sasa kilisikika. Kilianza alfajiri na hakikuisha mpaka mzee ameshika ukuta. Makohozi yake yakawa meusi. Vidonda vilimtoka mdomoni. Alikuwa akishona mshono mmoja, kisha anapumzika. Wateja walikuta nguo zao hazijaisha, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu cherehani ile iwekwe pale barazani.

Siku ya Jumanne alikuja jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa. Watoto walimwita Bi Afya, na jina likamganda. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa, na begi begani. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Karibu kiti. Umeniletea dawa ya uzee?"

"Hiyo haijaletwa, mzee wangu. Nimeleta habari ya sheria. Mama Pacha, njoo na wewe usikie."

Mama Pacha alitoka jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Birika lilikuwa linachemka.

Bi Afya alitoa karatasi yenye picha. "Imetoka sheria mpya, ya sigara za bandia na sigara zisizolipiwa kodi. Kila pakiti lazima iwe na onyo la afya, na iwe na stempu ya kodi. Anayetengeneza za bandia, anayezisafirisha na anayeziuza, wote wana kosa. Mwenye duka atanyang'anywa leseni. Kuna faini, na kuna jela."

"Serikali inapenda kodi tu," alisema Fundi. "Sigara ni sigara."

"Inapenda kodi, sikatai. Dawa za kituo chetu zinatoka kwenye kodi hiyohiyo. Lakini kuna jingine, mzee. Sigara ikiwa ghali, mtoto wa shule hawezi kuinunua. Hizi za magendo zinauzwa bei ya peremende. Nimewakuta watoto wa miaka kumi na mbili wanavuta nyuma ya choo cha shule."

"Eh!" Fundi aliguna.

"Na hizo za bandia hakuna anayejua zina nini ndani. Hakuna anayezipima. Wanachanganya tumbaku iliyooza, vumbi la mbao, chochote. Sasa usinielewe vibaya, mzee. Ile halali nayo inaua. Hakuna sigara salama hata moja. Lakini hii ya bandia ni sumu juu ya sumu."

Mama Pacha aliuliza, "Dada, na hizo za bandia wanapata wapi pakiti?"

"Wengine wanachapisha. Wengine wananunua pakiti tupu zilizotumika, zenye stempu nzima. Wanajaza takataka zao, wanabandika stempu, basi! Huwezi kuitofautisha."

"Na... anayewauzia hizo pakiti tupu?"

Bi Afya alimtazama. "Sheria imemtaja na yeye. Kukusanya stempu zilizotumika ili zitumike tena ni kosa. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Fundi alikuwa ametoa pakiti yake mfukoni. Aliisogeza karibu na jicho, akapitisha kidole juu ya stempu. Vidole vyake vilishona miaka arobaini. Havikuhitaji miwani.

"Tazama hapa, Bi Afya. Gundi imepita mara mbili. Hii ni kama pindo lililofumuliwa likashonwa tena. Anayevaa haoni, lakini fundi anaona."

"Umeinunua wapi, mzee?"

"Ananinunulia binti yangu."

Mama Pacha alisema uji unaungua, akaingia ndani. Uji haukuwepo. Alilizima jiko, akasimama gizani na mkono mdomoni.

Bi Afya alipoondoka, Fundi alibaki na pakiti ile mkononi. Zilikuwa zimebaki sigara tatu. Alizimwaga juu ya meza ya cherehani. Tangu zamani alikuwa na desturi ya kukata pakiti zilizokwisha na kuzungushia nyuzi kwenye maboksi hayo, lakini tangu augue hakuwa amekata hata moja. Alichukua mkasi, akafungua pakiti kwenye maungio, polepole, kama anavyofumua koti. Akaitandaza. Akaigeuza upande wa ndani.

"Mama!" aliita. Alimwita hivyo binti yake alipokuwa anampenda sana, au alipokuwa ameumia sana. "Njoo hapa."

Mama Pacha alikuja. Baba yake aliisogeza pakiti mbele yake. Aliweka kidole chake ndani ya mfuniko. Pale palikuwa na vistari vitatu vya penseli, vimekutana chini.

"Alama hii ni ya nani?"

Mama Pacha alijifuta mikono kwenye kanga.

"Nakuuliza, binti yangu. Ni mimi niliyeiandika?"

"Ni mimi, Baba."

"Kwenye kiwanda cha karatasi?"

"Baba, nisamehe. Sikujua zinarudi hapa. Wallahi sikujua kwamba..." Alikuwa anaiona kila Ijumaa ikipita mbele ya macho yake. Aliisafisha pakiti kwa mikono yake. Aliiuza. Ikaenda, ikajazwa uchafu, ikarudi dukani. Akainunua kwa pesa zilezile. Akampa baba yake, naye akamwombea dua.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema Fundi, taratibu. "Msemo huu nimeusikia tangu utoto. Nilidhani ni wa watu wengine."

Angemfokea, ingekuwa afadhali. Hakumfokea. Aligeuka, akachukua suruali ya mteja, akajaribu kupitisha uzi kwenye sindano. Uzi ukakataa kuingia.

Kesho yake asubuhi mzee alianguka. Pacha mmoja ndiye aliyemkuta, ameegemea cherehani, midomo imebadilika rangi. Majirani walimbeba. Kituo cha afya hakikuwa mbali, lakini njia siku hiyo ilikuwa ndefu kupita kiasi. Walimwekea hewa ya mtungi. Daktari alipiga picha ya kifua, akaishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, nitakwambia ukweli," alisema. "Mapafu haya yameharibika kwa miaka mingi. Sigara ndiyo iliyoyaharibu, zote alizovuta maishani. Lakini kuna kitu kimeyachoma upya, hivi karibuni, kwa haraka. Sijui alikuwa anavuta nini."

Mama Pacha alijua. Alikaa kwenye benchi la korido mpaka alasiri, mikono mapajani. Watu walipita na ndoo na shuka, naye hakumwona hata mmoja.

Alhamisi saa kumi, kengele ya baiskeli ililia mlangoni. Njiti.

"Leo mzigo vipi?"

"Sina mzigo. Na sitakuwa nao tena."

"Umepata mnunuzi mwingine? Niambie anakupa kiasi gani, nitaongeza."

"Baba yangu yuko hospitali. Amelala kwa sababu ya uchafu wenu. Na wangu."

Njiti alishuka. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaja karibu. "Sikiliza, mama. Pole kwa mzee. Lakini chunga mdomo. Stempu umebandua wewe, siyo mimi. Birika ni lako. Ukinitaja, nakutaja, na wewe ndiye mwenye watoto. Mimi nina baiskeli tu."

Akaondoka, akipiga kengele.

Usiseme Mama Pacha alikuwa mwoga. Hebu jiweke pale alipo. Akinyamaza, Njiti atapata mama mwingine mwenye birika, na zawadi za Ijumaa zitaingia kwenye nyumba nyingine. Akisema, huenda yeye mwenyewe akafungwa. Nani atamlisha mzee? Nani atawaamua pacha wakigombana? Alikwenda hospitali na swali hilo, akaliweka kando ya kitanda cha baba yake.

Fundi alikuwa na mpira wa hewa puani. Alizungumza maneno machache, anapumzika, anaendelea.

"Usiende kusema kwa ajili yangu," alisema. "Mapafu haya nimeyachoma mwenyewe miaka arobaini. Usibebe mzigo wote." Akapumzika. "Ila ile alama. Alama ile inasema haina kasoro. Sasa iko mifukoni mwa watu, na wanaiamini."

"Hawaioni, Baba. Iko ndani."

"Mimi naiona."

Alifumba macho. Baadaye kidogo alisema, "Mwanangu, kazi ikiharibika, fundi haifichi. Anaifumua."

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alibisha hodi kwa Bi Afya. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, bila hata kukaribishwa kiti. Bi Afya alisikiliza. Alikasirika, na hakuficha.

"Nilikuwa nakaa barazani kwako nafundisha, na wewe ndani unachemsha!"

"Ndiyo, dada."

"Na nikakuuliza!"

"Ndiyo. Uliniuliza."

Bi Afya alishusha pumzi. Kisha akachukua begi lake. "Twende. Mguu huu tutaupiga wote wawili, usije ukarudi njiani."

Katika ofisi ya kodi walimkuta mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Mama Pacha aliweka juu ya meza birika, pini ya nywele na mfuko wa pakiti ishirini na tatu zilizobaki. Juu yake aliweka ile pakiti ya baba yake, iliyofumuliwa.

Mkaguzi alivaa miwani. "Hivi vyote umevileta mwenyewe? Hukukamatwa?"

"Nimevileta mwenyewe."

"Sitakudanganya, mama. Ulichofanya ni kosa kwa sheria, na kutojua si kinga. Lazima niandike maelezo yako, na kesi itakwenda mahakamani. Lakini hakimu anaruhusiwa kumfikiria mtu aliyejitokeza mwenyewe na kusaidia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Bado unataka kusema?"

Mama Pacha aliwafikiria pacha. Alifikiria kile kidole juu ya vistari vitatu. "Andika," alisema.

Aliitaja siku na saa. Alieleza jinsi Njiti alivyo, na njia anayopita. Alitaja duka la kona. Alhamisi iliyofuata, watu wawili waliovaa kawaida walimfuata Njiti kwa mbali. Baiskeli iliwafikisha kwenye ghala nyuma ya gereji ya matairi. Ndani walikuta magunia ya majani makavu yaliyoota ukungu. Walikuta vumbi la mbao, mavi ya panya, mashine ya kusokota sigara, na wanawake sita wakijaza pakiti kwa mikono mitupu. Pakiti zilikuwa zimepangwa ukutani, mamia kwa mamia. Mkaguzi alifungua mifuniko michache. Katika nyingi alikuta unyayo wa kuku.

Alama hiyo ndiyo iliyosaidia kesi. Kwa alama hiyo waliweza kuonyesha njia yote, kutoka baa mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka ghalani, kutoka ghalani mpaka dukani. Mwenye ghala alifungwa miaka mitano. Njiti alifungwa miaka miwili. Duka la kona lilifungiwa, leseni ikachukuliwa. Mwenye duka alilia mahakamani kwamba hakujua. Hakimu alimuuliza, "Bei ile uliiona ya kawaida?"

Kisha Mama Pacha akasimamishwa. Hakimu alisoma maelezo yake mara mbili. Hakumfunga. Alimpa kazi za jamii miezi sita, bila malipo. Kila alasiri angefagia kituo cha afya.

Basi akawa anafagia asubuhi baa, alasiri kituo cha afya. Alipita na fagio lake mbele ya kitanda cha baba yake, mpaka mzee aliporuhusiwa kurudi nyumbani.

Fundi hakuvuta tena. Bi Afya alimjia kila siku wiki za mwanzo. Alimfundisha kunywa maji hamu inapokuja, kuhesabu pumzi, kushika kitu mkononi. Mzee alichagua penseli yake. Aliiweka pembeni ya mdomo, pale sigara ilipokaa miaka yote. Kulikuwa na siku alizogombana na kila mtu, hata na paka. Lakini hakurudi nyuma. Vidonda vya mdomo vikapona. Makohozi meusi yakaisha. Daktari alisema mapafu yaliyokufa hayafufuki, ila yaliyobaki yamepumzika.

Hakuweza kukanyaga cherehani. Pacha wakawa wanazungusha gurudumu kwa mikono, kwa zamu, na kwa mara ya kwanza hawakugombana. Yeye aliongoza kitambaa. Hivyo ndivyo alivyowashonea sare zao za shule, mshono baada ya mshono, kwa muda wa mwezi mzima. Alizikagua. Akatoa penseli mdomoni, akatia alama.

"Hizi hazina kasoro," alisema.

Aliishi miezi saba tangu arudi nyumbani. Alikufa mchana, ameketi barazani, huku binti yake amemshika mgongo. Alikuwa anatafuta pumzi na haikuja. Nyumba ile ilikuwa na chakula, na dawa zilikuwa mezani. Pumzi tu ndiyo iliyokosekana, na hiyo haiuzwi. Mama Pacha alilia kilio ambacho mtaa ulikisikia mpaka mwisho wa barabara. Watu walimwambia asijilaumu. Alijilaumu. Mpaka leo anajilaumu, na Bi Afya hamdanganyi kwamba itaisha.

Lakini mtaa ule umebadilika. Wahudumu wa baa hawatumii tena wembe. Sigara za bei ya peremende hazipatikani, na watoto nyuma ya choo cha shule wamepungua. Watu wanaangalia stempu. Wanaopata wasiwasi wanapiga simu ofisi ya kodi, na anayepokea ni yule mkaguzi mwenye miwani ya kamba. Wapo wanaume wanne walioacha kuvuta kabisa baada ya kumzika Fundi.

Na Mama Pacha bado anafagia baa. Bado anaokota kila pakiti tupu. Anaishika kwa mikono miwili na kuichana katikati, palepale kwenye stempu, vipande viwili, kisha vinne. Ndipo anaitupa kwenye ndoo.

Asubuhi moja mlevi mmoja aliyekuja mapema, mgeni katika mtaa, alikuwa anamtazama. Alianza kucheka.

"Mama, mbona unaichana kwa hasira hivyo? Hiyo pakiti imekukosea nini?"

Mama Pacha hakunyanyua kichwa. Aliokota nyingine chini ya meza.

"Ilipita nyumbani kwetu mara mbili," alisema, akaichana.